Aya ya Tisa

Kila mwaka, masomo yakishachanganya, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria walipanga foleni mbele ya dirisha la chumba cha fotokopi kuchukua notisi za somo la Nafuu za Kisheria. Kurasa themanini na nne, pande zote mbili, pini moja kwenye kona. Mwanamke aliyekaa nyuma ya dirisha lile alikuwa amezitoa notisi hizo kwa miaka kumi na minne, na kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ikitema ukurasa mmoja mmoja kama mzee anayekohoa, alikuwa amezisoma zote. Hakuna aliyemtuma. Ukishinda na karatasi siku nzima, ama uzisome, ama uhesabu nzi.

Wanafunzi walimwita Dada Kopi. Walimwita hivyo hata wale aliowazidi umri kwa miaka ishirini, na hata waliporudi baadaye wamevaa suti na tai, wanatafuta cheti fulani, waliinama dirishani na kusema, “Dada Kopi, bado upo tu?” Kana kwamba alikuwa na pengine pa kwenda.

Somo lenyewe alilielewa kuliko wengi waliolifaulu. Alijua kwamba kuwa na haki ni jambo moja, na kupewa kitu mkononi kwa sababu ya haki hiyo ni jambo jingine kabisa. Alijua fidia ni kulipwa, zuio ni amri ya kumwambia mtu aache, asiguse. Alijua pia kwamba mahakama hupenda fidia, maana fidia haiwasumbui wakubwa: wanatoa, wanaendelea. Na ukurasa wa kumi na saba aliujua kwa moyo: “Lengo la nafuu ni kumrudisha aliyekosewa pale alipokuwa kabla ya kosa kutendeka, kadiri sheria iwezavyo.” Yale maneno matatu ya mwisho aliyapigia mstari kwa ukucha siku ya kwanza tu alipoyaona. Mtu akikuahidi jambo halafu akamalizia kwa “kadiri niwezavyo,” shika mfuko wako.

Nyumbani alikaa na baba yake, mzee asiyeona tangu utotoni, aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu wa hospitali kuu. Namba zote za mji zilikuwa kichwani mwake, hata za watu waliokwisha kufa.

“Mimi ndiye niliyewaunganisha wakubwa na wake zao,” alikuwa akisema, akitikisa mabega kwa kicheko, “na wakubwa na wasio wake zao. Siku nikifungua mdomo, nusu ya mji huu inahama.”

“Funga tu, baba. Tutahama wote.”

“Mimi sihami ng’o. Nina karatasi.”

Karatasi ilikuwapo kweli. Bibi mwenye nyumba, kabla hajafariki, aliiandika kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili: mzee huyu akae humu mpaka mwisho wa uhai wake, kwa kodi ileile, na yeyote atakayeichukua nyumba hii aichukue pamoja na neno hili. Nyumba ilikuwa vyumba viwili vya chini katika safu ya nyumba sita zilizoshikana. Haikuwa na uzuri wowote. Lakini mzee alikuwa ameishi humo miaka thelathini na moja na aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Hatua tano kutoka kitandani hadi kwenye mtungi. Msumari ukutani ulipotundikwa koti. Plasta ya ujia ilikuwa imeng’aa mstari mmoja, urefu wa kiuno, pale vidole vyake vilipopita kila siku. Na nje, kutoka duka la kona hadi mlangoni kwake, hatua mia na kumi na mbili, zilizonyooka, bila kuomba mkono wa mtu. Alikuwa akienda kununua betri za redio na kurudi, huku akiwasalimia majirani kwa sauti za milango yao.

Bibi alipokufa, wanawe waliuza safu nzima. Mnunuzi alitaka kuchimba na kusimamisha ghorofa. Majirani watano walichukua walichopewa, wakaondoka. Kwa mzee, mnunuzi alikuja mwenyewe, viatu vinalia, akasomewa ile karatasi, akasema kwa upole, “Mzee wangu, hii nimeiona kabla sijanunua. Nitakutafutia pazuri zaidi. Pana hata mabomba ndani.”

“Mwanangu,” mzee akamjibu, “uzuri nitauonea wapi?”

Baada ya wiki mbili ikaja notisi ya kuhama ndani ya siku thelathini.

Binti aliipeleka notisi ile pamoja na karatasi ya bibi kwenye dawati la msaada wa kisheria, chumba cha nne kutoka chake, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho walijifunza uwakili kwa kesi za wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Hilo ndilo jina la heshima. Kwa lugha nyingine, ndiko walikojifunza kunyoa kwa vichwa vya maskini. Kiongozi wa dawati alikuwa msichana mwerevu, mwenye miwani mizito kiasi kwamba wenzake walimwita Miwani tu. Alizisoma karatasi mbili zile, akaruka kutoka kwenye kiti.

“Dada Kopi! Hii kesi ni tamu. Mkataba upo, mnunuzi aliujua, mashahidi wako hai. Haki haina ubishi. Kilichobaki ni nafuu tu.”

“Ndicho ninachokitaka, mdogo wangu. Wasimguse. Basi.”

“Zuio. Hakuna shida. Niachie mimi.”

Na hakulala kwa kazi ile, tusimwonee. Siku ya nne alileta maombi dirishani yakiwa tayari, kurasa kumi na moja, yatolewe nakala tano kwa ajili ya mahakama. Kwa kanuni ya dawati, kila waraka ulipita kwanza kwa Profesa wa Nafuu, ambaye ndiye aliyekuwa wakili mwenye leseni na ndiye aliyetia sahihi. Profesa alikuwa amesoma rasimu na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyozoea kusoma mitihani. Rasimu ile ilikuwa bado imebanwa nyuma ya nakala safi. Pembeni mwa aya ya tisa palikuwa na alama ya vema, na maneno: “Vizuri sana. Umegusa nafuu zote.”

Dada Kopi aliweka ukurasa kwenye kioo cha mashine. Mashine ilikuwa inapasha joto, na inapopasha joto yeye husoma. Aya ya tisa ilisema kwamba mwombaji anaomba zuio, au, badala yake, endapo mahakama itaona vyema, alipwe fidia ya kupoteza makazi yake. Na chini yake Miwani alikuwa amekokotoa, kwa uangalifu na kwa jedwali, kwamba miaka iliyobaki ya mzee ndani ya nyumba ile ilikuwa na thamani ya kiasi gani.

Mkono ulibaki juu ya kitufe.

“Miwani, njoo hapa mara moja. Hii ya tisa.”

“Ee, ina nini?”

“Mbona umemwekea baba bei?”

“Si bei, dada. Ni mbadala.”

“Notisi zenu zinasema zuio halitolewi kama fidia inatosha. Ukurasa wa thelathini na mbili. Sasa wewe mwenyewe ukienda kumwambia hakimu fidia ni kiasi hiki, si umeshamwambia inatosha?”

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la mtu anayempenda anayeongea naye. Hapo ndipo palipo na ubaya wake.

“Dada Kopi, siku moja utatuchukulia shahada zetu! Lakini hivi ndivyo tunavyofundishwa. Unataja nafuu zote. Ukiacha moja, unakatwa alama.”

“Nani anakata? Hakimu?”

“Profesa ameshaipitisha. Angalia, ameweka vema.”

Alama nyekundu ilikuwa pale, imenyooka, imeridhika na nafsi yake. Dada Kopi aliitazama. Angeweza kusema, sitoi. Angeweza kuurudisha ukurasa ule mikononi mwa msichana na kumwambia, “Kaufute, baba ni wangu.” Lakini ukiambiwa miaka kumi na minne kwamba kazi yako ni nakala, siku unapohitajika kuwa na neno, neno halipo, na badala yake unasikia mkono wako ukibonyeza. Alibonyeza. Nakala tano, aya ya tisa humo ndani, akazibana pini yeye mwenyewe.

Siku ya kesi mzee alivaa koti lake la ubao wa simu, lenye vifungo vya shaba. Alikaa wima benchini, kichwa kimeinama kidogo upande, kama anavyosikiliza siku zote. Hakimu alisoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mkataba ulikuwa halali. Mnunuzi aliufahamu. Mwombaji alikuwa na haki ya kukaa, na kumtoa ni kuivunja haki hiyo.

Miwani aliubana mkono wa Dada Kopi chini ya meza.

“Hata hivyo,” hakimu akaendelea, akafunua ukurasa, “zuio si la kila mtu. Hutolewa pale ambapo fedha haiwezi kutibu. Mwombaji mwenyewe, katika aya ya tisa ya maombi yake, ameikadiria hasara yake, tena kwa jedwali, na mahakama inaushukuru upande wake kwa kazi safi. Hasara iliyokwisha kukadiriwa na mwenyewe inalipika. Mnunuzi atalipa fidia hiyo yote, na amejitolea pia kutoa makazi yanayofanana. Ombi la zuio linakataliwa.”

Watu waliinuka, viti vikakwaruza. Mzee aligeuza uso kuelekea kwa binti yake.

“Amesema haki ni yangu. Nimesikia vizuri?”

“Umesikia vizuri, baba.”

“Tumeshinda, basi.”

Miwani alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi zake. Mbele, wakili wa mnunuzi alikuwa akifunga mkoba taratibu, bila haraka yoyote. Dada Kopi akasema, “Tumeshinda, baba.”

“Twende nyumbani, binti yangu. Njaa inauma.”

Alimwambia ukweli njiani. Mzee alisimama katikati ya watu, watu wakampita huku na huku, kisha akauliza jambo moja tu: nyumba hiyo mpya, mlango wake unafungukia ndani au nje?

Ulifungukia nje. Ilikuwa upande wa pili wa duka la kona, nyuma ya mtaa, ya chini pia, ina mabomba kama mnunuzi alivyoahidi. Kwenye karatasi za mahakama ilifanana kwa kila kitu: vyumba viwili, madirisha matatu, choo ndani. Mzee aliingia humo akawa kipofu. Neno hilo alilisema mwenyewe, yeye aliyekuwa hapendi kulitumia. “Leo ndio nimepofuka,” alisema, ameshika ukuta usio na mstari wowote. Alijigonga paji la uso kwenye kabati. Alijimwagia chai. Alikuwa akiamka na kuhesabu tano, mkono unakutana na ukuta mahali palipopaswa kuwa na mtungi, na alikuwa akibaki hapo amesimama, mkono wazi, kama mtu aliyenyimwa salamu. Utani ulimwisha. Binti alimfungia kamba ya kushika kutoka kitandani hadi chooni. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimwachia redio, chakula na neno lile lile: “Baba, usitoke peke yako. Nikirudi tutatembea wote.”

“Nitakwenda wapi mimi? Nimeshinda kesi.”

Huko kwenye safu ya zamani walibomoa kwa siku tatu na kuchimba kwa wiki moja. Walizungushia mabati, wakaacha pengo pana la malori ya udongo kuingia na kutoka, na pengo lenyewe lilikuwa pale pale ujia ulipokuwa.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, betri za redio ziliisha. Jirani mpya aliyekuwa akienda dukani alimshika mzee mkono, akamfikisha. Mzee alinunua betri mbili, akatania na mwenye duka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akauliza kama bado anapunja sukari. Dukani palikuwa na wateja. Jirani alikuwa ameshaondoka.

“Mzee, nikutafutie mtu wa kukurudisha?” mwenye duka aliuliza, huku anapima unga.

“Kutoka hapa? Kutoka hapa najua njia.”

Na aliijua. Hilo ndilo lililomtesa mwenye duka kwa muda mrefu baadaye, kwamba mzee hakusema uongo na yeye, aliyemwona akipita pale kwa miaka thelathini na moja, hakuona kitu cha ajabu. Mzee aliweka mguu kwenye ukingo wa ngazi ya duka, akageuka robo, kama siku zote, akaanza kuhesabu. Aliyemwona anasema alitembea vizuri sana. Alitembea kama mtu mwenye macho, kidevu juu, betri mkononi. Lori lilikuwa limetoka wakati ule na lingine lilikuwa halijaingia. Shimo lilianza kwenye hatua ya mia na nne.

Simu ya kitivo ilipolia, Dada Kopi alikuwa anatoa notisi za Nafuu za Kisheria. Alikuwa amefika ukurasa wa sitini.

Miwani alikuja msibani. Alikaa sakafuni na wanawake, akalia mpaka miwani ikajaa ukungu, na alipopata sauti akasema, “Dada, mnunuzi hakuweka hata mlinzi. Kuna njia. Tunaweza kudai fidia.” Wanawake waliokaa karibu hawakuelewa kwa nini mfiwa alimtazama msichana yule namna ile, kisha akamvuta kichwa, akakilaza begani mwake.

Mwaka ukazunguka. Miwani alihitimu, na alihitimu vizuri. Mwezi wa mitihani, karani wa mitihani alikuja chumba cha fotokopi na bahasha zilizopigwa lakiri, akafunga mlango kwa ndani kama kanuni inavyotaka, akavuta kiti, akaanza kuchezea simu yake. Nafuu za Kisheria, watahiniwa mia moja na arobaini. Mashine ilikuwa inapasha joto.

Swali la Tatu. *Mzee asiyeona, opereta wa simu mstaafu, ana haki iliyoandikwa ya kukaa katika nyumba mpaka mwisho wa uhai wake. Mnunuzi anataka kubomoa. Mzee amepewa makazi mbadala yanayofanana na ya awali, na ameyazoea vyema. Jadili nafuu zote anazoweza kupata. Alama 25.*

Alisoma mara ya pili. *Ameyazoea vyema.* Maneno mawili, na hakuna aliyemwuliza mtu. Wanaondoa mwili, wanaacha swali.

Simu ya karani ikaita. “Nakuja sasa hivi, usiguse kitu,” karani akasema, akatoka ujiani kuongea na mumewe.

Dada Kopi alichukua kalamu nyeusi ya kuandikia maboksi ya karatasi. Chini ya swali la tatu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, aliandika: *MAELEZO YA ZIADA. Hakuzoea. Siku ya kumi na moja alirudi nyumbani kwa hatua zake, akakuta shimo, akafa. Mwombaji alikuwa amewekewa bei katika aya ya tisa. Toa nafuu.* Kisha akabonyeza kitufe, na safari hii mkono haukusubiri kuambiwa.

Katika ukumbi wa mtihani ilianza minong’ono, halafu mkono mmoja ukainuka. Profesa alikuja mbio, akasoma, uso ukambadilika rangi. Akasimama jukwaani, akasema kwa sauti kavu, “Swali la tatu. Puuzeni maelezo ya ziada.” Kalamu mia moja na arobaini zikaendelea.

Alasiri ile alikuja chumba cha fotokopi akiwa na karatasi mkononi, akajifungia mlango.

“Ni wewe?”

“Ni mimi, Profesa.”

“Unajua umefanya nini? Mtihani wa kitivo kizima. Pole kwa msiba wako, nilikupa pole na leo nakupa tena. Lakini tunafundisha sheria hapa. Hatufundishi matanga.”

“Ukurasa wa kumi na saba, Profesa.”

“Nini?”

“Kumrudisha aliyekosewa pale alipokuwa. Nimeutoa ukurasa huo mara nyingi kuliko ulivyousoma. Baba alirudi mwenyewe, hakuisubiri mahakama. Wewe uliweka vema kwenye aya ya tisa, mimi nikaitoa nakala tano. Wote wawili tuliisoma. Mimi nalala nayo. Wewe umeitungia swali.”

Profesa alitazama mashine, akatazama rafu za karatasi, kisha akaondoka na mlango akauacha wazi.

Barua ya kuachishwa kazi ilikuja baada ya siku tatu. Ilimpa mpaka mwisho wa mwezi, na aya yake ya mwisho ilimjulisha kwamba, iwapo hakuridhika, alikuwa huru kutafuta nafuu za kisheria.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kutoa nakala za majibu matatu ya mfano kwa ajili ya mtahini wa nje: lililoshinda, la katikati, na la mwisho kabisa. Lililoshinda lilikuwa na kurasa saba. Liligusa kila nafuu, likakokotoa fidia kwa jedwali, likapata ishirini na mbili. Pembeni palikuwa na alama ya vema, ile ile, imenyooka.

La mwisho lilikuwa na mistari miwili, ya mtahiniwa asiye na jina, namba tu: *Zuio. Aachwe pale pale. Fidia msiitaje kabisa, mkiitaja mmemwua.*

Chini yake, kwa wino mwekundu: “Hujagusa nafuu nyingine. 4/25.”

Kanuni ilisema nakala tano. Aliweka ukurasa kwenye kioo, akatoa tano, akazibana pini. Kisha akatoa ya sita, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akazima mashine.